Gari imepaki tu, mvua imeifuata hapohapo

Hii masika ya mwaka huu imeninyima raha, acha niandike maana kichwa hakitulii. Tukisikia injini imekula maji wengi tunajua huyo alilazimisha kuvuka Jangwani mto umejaa, sasa haya niliyoyaona mimi wiki hii ni magari yaliyopaki, hayajaenda popote, funguo ziko ndani.

La kwanza ni Toyota IST ya mjomba. Kasafiri Mwanza kwenye msiba akaiacha hapa kwetu Tabata chini ya mwarobaini ipate kivuli. Juzi mama anatakiwa kliniki, nikaiwasha, ikawaka lakini inatetemeka yote na taa ya cheki injini inablinki, nikazima palepale nikampigia fundi. Na hapa kwetu hakukuwa na mafuriko, maji hayakugusa hata ringi. Fundi kafungua boneti, katoa ile plastiki ya chini ya waipa, ndo nikaelewa. Vile vijani vidogo vya mwarobaini vimejazana kwenye mfereji chini ya kioo, vimeoza vimekuwa udongo kabisa, vimeziba tundu za kutolea maji. Maji yakikosa njia yanafurika yanadondokea juu ya injini kwa nyuma, na plagi za injini hii zimekaa chini kwenye visima, kila moja na koili yake juu ya kuipa umeme wa cheche, kwa hiyo mpira wa koili ukishachoka maji yanazama mpaka chini. Alivyovuta koili ya pili tukaona maji yamesimama mle kisimani, rangi ya kutu, na springi ya ndani ya koili imelika.

Kilichonifurahisha, hakukimbilia kufungua plagi. Alisubiri kompresa ije akapuliza kisima mpaka kikakauka, kwa sababu ukilegeza plagi maji yakiwa bado juu yake yote yanateremka kwenye silinda. Fundi mwenye papara angeigeuza kazi ya koili moja ikawa ya kushusha injini. Mjomba kanunua koili na plagi, yameisha.

La jirani ndo linaniuma mpaka sasa.

Huyu ni kijana wa mkataba, anaendesha gari ya mtu na anampelekea hesabu kila wiki, amebakiza kidogo gari iwe yake. Amepanga kule bondeni upande wa Msimbazi, bonde lilelile ambalo mabasi ya mwendokasi yaliwahi kuingiwa na maji yakiwa yamepaki depo pale Jangwani. Usiku maji yakapanda, wao wanaokoa watoto na magodoro, gari nani aikumbuke. Asubuhi maji yameshuka, gari kwa nje inaonekana nzima, hesabu inamsubiri, na watu wamemzunguka kila mtu fundi, washa bwana, ipashe joto maji yatatokea kwenye ekzosi. Akapiga stata ikagoma. Akapiga tena, ikashika kidogo, ikagonga ko! ikakata.

Pistoni ikipanda inabana hewa na petroli, na hewa inabanika. Maji hayabaniki. Pistoni ikiyakuta juu haina pa kwenda, kinachosalimu amri ni koni rodi, ule mkono wa chuma unaoisukuma pistoni, inapinda, na pale imepinda kweli. Fundi alipofungua boksi la ea klina chujio limelowa chapachapa na tope limekaa chini, akavuta stiki ya oili ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa, tena imezidi alama ya juu. Alisema kabla ya kugusa ufunguo ilitakiwa betri ichomolewe, chujio na plagi zote zitolewe, injini izungushwe taratibu kwa spana maji yaruke nje kwenye tundu za plagi, oili imwagwe iwekwe mpya, pengine ingepona.

Simlaumu huyu kijana hata kidogo, mtu hajalala usiku kucha na ana deni la wiki kichwani, angejuaje. Wanaoniudhi ni wale waliosimama pale kusema washa washa, injini ilivyokufa wote wakatawanyika. Na bima aliyonayo ni ile ndogo, hiyo inalipa uliyemgonga wewe, gari yako mwenyewe haiigusi.

Mwenye gari tumeenda kumwona jana, mimi, kijana na mzee wa nyumba yao. Nilitegemea ugomvi ila kakubali hesabu isimame mpaka gari irudi barabarani, na injini wachangie nusu kwa nusu, nimemshukuru sana huyo mwenye gari. Jumamosi tunaenda wote Gerezani kwenye spea kutafuta injini ya mtumba. Nimemwambia fundi aje na spana yake, kila watakayotuonyesha tuizungushe kwa mkono na tuvute stiki ya oili kwanza, bei baadaye.