Kumbukumbu ya mradi: plagini ya saa, Git na Subversion pamoja

Plagini yangu (programu ya nyongeza) ya WordPress, mfumo wa kuendesha tovuti, inayoonyesha saa kwa Kiswahili (13:00 inasomeka saa 7 mchana) sasa ina wachangiaji. Nimefurahi sana, na ndiyo sababu nimepanga upya namna msimbo unavyosafiri hadi kwa watumiaji.

Saraka rasmi ya plagini za WordPress hutumia Subversion (svn), programu ya kutunza historia ya msimbo: hifadhi moja kuu kwa plagini zote, na anayeandika humo ni aliyepewa ruhusa tu. Kazi ya kila siku tunaifanya kwa Git, programu nyingine ya kazi hiyo, ambako kila mtu ana historia yote kwenye kompyuta yake. Bando likiisha, unafungua tawi (mstari wa kazi wa pembeni), unakomiti (unahifadhi badiliko kwenye historia), unalinganisha na toleo la zamani bila kuigusa seva.

Kinachoziunganisha ni git svn, amri za Git za kuwasiliana na hifadhi ya Subversion. Kuvuta hifadhi mara ya kwanza kunataka uangalifu, kwani plagini zote zinagawana mfululizo mmoja wa namba za komiti, ambao umeshapita milioni kadhaa. Ukianza na namba 1, itapekua mamilioni ya komiti za watu wengine ikitafuta chache zako. Kwa hiyo nilitafuta kwanza, kwa svn log, namba ambayo plagini yangu ilianzia, nikaendesha git svn clone -s --no-minimize-url -r nikiitaja namba hiyo hadi HEAD, yaani komiti ya mwisho. Folda ya assets, yenye picha za ukurasa wa plagini, iko nje ya mpangilio wa kawaida wa folda ambao -s hufuata. Hiyo naishughulikia kwa svn ya kawaida.

Lililonishughulisha zaidi ni majina. Git hubeba jina la aliyeandika msimbo. Subversion hurekodi jina la akaunti iliyotuma, yaani langu. Mtu amekaa usiku kucha akirekebisha mpaka wa alfajiri na asubuhi, halafu hifadhi rasmi iseme ni kazi yangu? Sikubali. Siku hizi kila mchango unabanwa kuwa komiti moja kabla ya kuingia main, tawi letu kuu. Kisha naingia tawi la toleo, naanza na git svn rebase (kuvuta yaliyo mapya kutoka Subversion), nachukua komiti hiyo kwa cherry-pick, amri ya kunakili komiti moja ambayo haibadilishi jina la mwandishi, namaliza na git svn dcommit --add-author-from, inayotuma komiti hadi Subversion. Hapo ujumbe unaofika Subversion huwa na mstari wa From: wenye jina na barua pepe ya mchangiaji. Kwa kuwa barua pepe hiyo itaonekana na kila mtu, naomba ruhusa kwanza.

Tawi la toleo silichanganyi na main. Dcommit huongeza mstari wa git-svn-id mwishoni mwa kila ujumbe, hivyo kitambulisho cha komiti hubadilika. Ingekuwa main, wachangiaji wote wangejikuta kwenye historia iliyoandikwa upya.

Pia situmi kila kitu kidogo kidogo, maana kila komiti inayoingia kwenye saraka huifanya itengeneze upya faili za zip za plagini. Natuma wakati wa toleo tu: nabadilisha Stable tag (mstari unaotaja toleo la kupewa watumiaji) kwenye readme.txt, nafanya dcommit, kisha git svn tag, inayoweka nakala ya toleo hilo kwenye Subversion.

Kinachofuata ni majaribio ya saa za usiku, ambapo tarehe ya kompyuta hubadilika saa 6.