Siku moja maishani mwangu: leo ni tenki la samaki linalovuja

Saa 12 asubuhi. Hata chai bado, naenda kwanza kwa lile tenki nililojaza juzi, limekaa juu ya magazeti siku mbili, napapasa chini kona zote nne, magazeti makavu kabisa. Hilo limepona, mwenyewe nampigia aje kulichukua.

Saa 2. Anakuja kaka mmoja na tenki la sm 60 kwa 30, kimo 35, yaani lita 63 hivi likijaa, na lita moja ni kilo moja, sasa fikiria huo mzigo unavyosukuma vioo mchana na usiku. Linavujia mbele kulia. "Fundi, si upake tu silikoni hapo juu tumalize? Hela yenyewe hamna." Nikamwambia kaka, hapo ndo hela inapopotea, silikoni ni gundi ya kuzibia vioo, na mpya haishiki juu ya ya zamani iliyokwisha kauka, utapaka leo afu utarudi tena. Halafu maji yanapotokea nje si lazima ndo yanapoingilia, yanaweza kupenya kona ya nyuma yakatambaa kwenye mshono mpaka yapate pa kutokea. Kwa hiyo tunatoa silikoni yote ya ndani tunapaka upya. Vioo havina ufa, kwa hiyo gharama ni tyubu moja, nyembe, tepu ya mafundi rangi na spiriti, kinachobaki ni mikono na subira.

Nikamuuliza samaki wako wapi, akasema wako kwenye beseni. Vizuri, ila filta iendelee kufanya kazi humohumo, na ile sponji asiioshe kwa maji ya bomba, maana bakteria wanaoondoa amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, wanakaa mle na klorini inawaua. Beseni lifunikwe, wapo samaki wanaruka.

Saa 3 mpaka saa 6, kukwangua. Hii ndo kazi yenyewe jamani, wengi wanaikimbia. Wembe unaulaza karibu ugusane na kioo, unasukuma taratibu, silikoni inatoka utepe mrefu, ila usichimbe kati ya kioo na kioo, ile ya katikati ndo imeshikilia tenki lote. Ikishatoka bado kuna utando ambao jicho halioni. Napitisha ukucha: kwenye kioo kitupu unateleza, kwenye mabaki unakwama. Palipokwama narudia. Mwisho spiriti na kitambaa cheupe, mpaka kitambaa kitoke cheupe vilevile.

Saa 8. Nabandika tepu pande zote mbili za kila kona, naacha kama milimita 6 kila upande. Silikoni iwe silikoni tupu asilimia 100, isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, hiyo ni sumu kwa samaki. Nikianza mstari sisimami mpaka mwisho, afu nalainisha kwa kidole chenye glavu, mvuto mmoja tu, ukirudiarudia inakunjamana. Tepu natoa palepale kabla juu hakujaanza kukauka, ukichelewa inang'oa ukingo wote. Harufu ya siki imejaa chumba kizima, ni kawaida ya silikoni hii, nafungua madirisha.

Saa 11 jioni simu: "Fundi, kesho najaza?" Hapana kaka. Silikoni inakaushwa na unyevu wa hewa kuanzia nje kwenda ndani, kwa hiyo ukiigusa leo utadhani tayari na katikati bado mbichi. Mimi naipa wiki nzima, na harufu ya siki iwe imeisha kabisa. Baada ya hapo naliweka sehemu bapa, nahakikisha kwa pima maji, najaza robo, naangalia, nusu, naangalia, afu mpaka juu nalala nalo siku mbili. Likibaki kavu anakuja na samaki wake wanarudi nyumbani.