Makutano ya majedwali mawili: jinsi ninavyopata jibu sahihi

Chukua chama cha kuweka na kukopa chenye majedwali mawili, MACHI na APRILI, kila moja na safu tatu: namba ya mwanachama, tarehe, kiasi. Nani ameweka akiba miezi yote miwili? Ukikutanisha majedwali hayo kama yalivyo, yaani ukichukua mistari iliyomo kwenye yote mawili, unapata jibu tupu, wala hifadhidata haitalalamika. Makutano hulinganisha mstari mzima, na mstari wa tarehe 5 Machi haufanani na wa tarehe 5 Aprili hata kama mwekaji ni yuleyule.

Kwa hiyo ninaanza kwa kubakiza safu ya namba peke yake, pande zote mbili, ndipo ninakutanisha kwa INTERSECT, amri ya makutano katika SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata:

SELECT namba FROM machi
INTERSECT
SELECT namba FROM aprili;

Utaratibu huu haupinduki. Kwenye muungano (UNION, mistari ya majedwali yote mawili kwa pamoja) ungeweza kupunguza safu kabla au baada, jibu likawa lilelile. Kwenye makutano, hapana.

Idadi ya safu lazima ilingane, na aina ya data pia. Jihadhari hapa: safu hupangwa kwa nafasi, si kwa jina. Upande mmoja ukiandika namba, jina na mwingine jina, namba, zote zikiwa maandishi, amri itapita na jibu litakuwa tupu.

Kuhakiki, natumia tofauti (mistari ya jedwali moja isiyomo kwenye jingine) mara mbili, maana katika aljebra ya majedwali aliyoiasisi Edgar Codd mwaka 1970 makutano si tendo la msingi: A ∩ B = A − (A − B), hapa A ni Machi na B ni Aprili. Machi ina K-014, K-022, K-031, K-040. Aprili ina K-022, K-031, K-057. Ukiondoa za Aprili kwenye Machi zinabaki K-014 na K-040. Ziondoe hizo kwenye Machi: K-022 na K-031. Ndilo jibu.

Namba ikikosekana wakati unaiona kwa macho, mara nyingi kuna nafasi tupu mwishoni, au mtu ameandika k-022 kwa herufi ndogo. UPPER(TRIM(namba)), inayofuta nafasi za pembeni na kugeuza herufi kuwa kubwa, ikiwekwa pande zote mbili humaliza tatizo.

Wengi hutumia JOIN badala yake, amri inayounganisha kila mstari wa jedwali moja na kila mstari wa jingine unaolingana nao. Inafaa, ila mambo mawili hubadilika. INTERSECT hufuta marudio. JOIN huyazidisha: aliyeweka mara 3 Machi na mara 2 Aprili atatokea mara 6, basi ongeza DISTINCT, inayofuta marudio. Pia INTERSECT huzihesabu NULL (thamani isiyojazwa) mbili kuwa sawa, lakini JOIN yenye alama ya = huziacha nje.

Programu za hifadhidata nazo hutofautiana. MySQL ilipata INTERSECT kwenye toleo 8.0.31, mwaka 2022. Kwa matoleo ya nyuma tumia EXISTS, sharti linalouliza kama namba hiyo ipo pia kwenye jedwali la pili. Ukichanganya na UNION, PostgreSQL hutanguliza INTERSECT, ilhali SQLite huenda kushoto kwenda kulia na haikubali mabano hapo. Kwenye SQLite mimi huiweka sehemu ya INTERSECT ndani ya FROM, kama swali dogo, ili itangulie.