Jike wa Kwanza

Juzi mtoto wa dada alinipigia simu kutoka Moshi. Ana ekari moja na robo nyumbani, ana akiba kidogo benki, na anataka kuanza na ng'ombe watano wa maziwa kwa mpigo. "Mjomba, faida inaanza kuonekana mwezi wa ngapi?" Swali la maana kabisa, lakini lilinipeleka moja kwa moja kwenye banda la mama, usiku ule ng'ombe wetu Pendo alipozaa, nikajikuta namwambia nitampigia baadaye.

Ilikuwa 2002. Kahawa ilikuwa imeshatuvunja moyo. Mwaka uliotangulia bei iliporomoka dunia nzima, na wazee waliosomesha watoto kwa kahawa wakaanza kuing'oa kimya kimya. Mama hakung'oa hata mche. Aliingia kwenye kikundi cha kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Sharti lake mnalijua: unapewa mtamba, yaani ng'ombe jike aliyekua lakini hajazaa bado, mwenye mimba, bila kutoa fedha, na jike wa kwanza atakayezaliwa unamlea mpaka naye awe mtamba, kisha anakwenda kwa mwenzako aliye kwenye foleni. Mpango huo ni wa Heifer International, Wamarekani waliopeleka mitamba yao ya kwanza Puerto Rico mwaka 1944.

Mtaalamu wa kikundi alikataa katakata kumleta ng'ombe kabla ya majani. Kihamba chetu hakifiki ekari mbili, na chote ni migomba na kahawa. Basi mama akapanda mabingobingo, majani marefu ya kulishia, kwenye kingo za matuta, kando ya mfereji, mpakani, hata nyuma ya choo, na chini yake desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, ya kuongeza protini. Kiangazi tulishuka shamba la chini kufuata mabua, na vigogo vya migomba vikakatwakatwa kuongezea. Ng'ombe mkubwa wa maziwa anamaliza kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kwa siku, na kila kilo ina mtu wa kuikata na kuibeba. Hili nimeshamwambia mpwa wangu: aanze na mmoja, na masika haya apande majani kabla hajamtafuta huyo mmoja. Anayenunua watano kwa ekari moja na robo atakuwa mteja wa majani ya wenzake, na maziwa yote yataishia huko.

Pendo alifika tumboni mna ndama. Mama alijifunza kumsoma. Siku ile mchana alipapasa pande mbili za shina la mkia, akakuta pamelegea. Kiwele kilikuwa kimejaa mpaka chuchu zimetanuka. Akasema, "Leo hatulali." Akatandika majani makavu ya migomba, akachemsha maji, akaning'iniza chemli kwenye mlingoti wa banda.

Usiku ulikuwa umeenda sana chupa ya maji ilipopasuka. Kwato mbili zikachungulia, laini, za manjano kama nta ya nyuki, nyayo zikiangalia chini. Mama akashusha pumzi. Alikuwa amefundishwa kwamba nyayo zikiangalia juu, huenda ni miguu ya nyuma inayotangulia. Kisha pua ikaonekana, ulimi umetoka pembeni, una rangi ya zambarau. Halafu basi. Pendo alisukuma, akapumzika, akasukuma tena, na ile pua haikusogea.

Mama alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Akafunga kamba ya katani juu ya kifundo cha kila mguu, ncha moja akampa kaka, nyingine akanipa mimi. "Msivute mpaka yeye asukume. Na mkivuta, vuteni kuelekea chini, siyo kwenu." Nilikuwa darasa la saba, na sijapata kutii amri kama nilivyoitii ile. Pendo akijikaza, tunavuta. Akipumzika, tunalegeza. Mama amepiga magoti kwenye samadi, vidole vyake vinazunguka kichwa cha ndama, anazungumza na ng'ombe kwa Kichaga, maneno yale yale aliyokuwa akituambia sisi tukiugua. Kichwa kikatoka. Mabega yakakwama, yakapita. Halafu mwili wote ukateleza kwa mara moja ukatuangukia miguuni, wa moto, unatoa mvuke.

Haukupumua.

Mama akafuta ute puani na mdomoni, akachomoa unyasi mmoja mkavu, akauingiza ndani ya tundu la pua na kuuzungusha. Hakuna kitu. Akauingiza tena. Ndama akapiga chafya, akatikisa masikio, mbavu zikaanza kupanda na kushuka. Kaka alicheka kwa sauti, nami nikacheka naye, hatukujua tunacheka nini.

Ndipo mama akainua mguu wa nyuma na kusogeza chemli. Akatazama.

"Jike," akasema.

Hakuna aliyeitikia. Dume angekuwa wetu, wa kuuzwa siku tutakayotaka. Jike hakuwa wetu tangu kabla hajazaliwa. Mama alipaka kitovu iodini, akamkamua Pendo dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ya njano na mazito, akamnywesha ndama mwenyewe kabla hakujapambazuka. Alimnywesha kama wa kwake.

Mengine yalikwenda haraka. Maziwa yalipatikana asubuhi na jioni, mengine ya nyumbani, mengine ya kuuza. Wanawake wa Nronga, kule Hai, walikuwa na ushirika wao wa maziwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo hakuna aliyemshangaa mama na ndoo yake barabarani. Samadi ilirudi kwenye migomba, na ndizi zikanenepa kuliko zilivyokuwa tangu baba alipoondoka. Ile kahawa ambayo hakuing'oa nayo ikashika majani. Kwangu mimi faida ya kwanza ilikuwa hiyo samadi, kabla ya fedha yoyote ya maziwa.

Yule jike alikua. Akachanjwa ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, akavishwa heleni sikioni. Alikuwa mtamba mzuri, mgongo umenyooka. Mwanzoni mwa 2004 mnunuzi mmoja alifika na fedha taslimu mkononi, na mwezi huo huo kaka alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ada, yuko kidato cha tatu. Alimsihi mama: tumuuze huyu, tulipe kikundi kwa jike atakayefuata. Mama akamkaribisha yule mnunuzi chai, wakazungumza habari za mvua, akamsindikiza mpaka barabarani.

Wiki ile ile tulimpeleka mtamba kwa mjane wa kata ya chini. Mama alimkabidhi kamba kwa mkono wake mwenyewe, akamweleza kwamba huyu hapendi kushikwa sikio lenye heleni, na kwamba pumba anazila vizuri zikichanganywa na maji ya uvuguvugu. Kaka alikaa nyumbani muhula mzima.

Ndama wa pili wa Pendo alikuwa dume, tukamuuza. Wa tatu jike, akabaki, na ukoo wake upo mpaka leo. Yule mjane naye alilipa wake kwa mwingine. Kila Desemba tukirudi nyumbani, mimi na kaka tunabishana. Mimi nasema banda lile lilisimama kwa sababu kijiji kizima kiliona mama halipi kwa maneno: mbegu za majani, dume la kupandishia, mtu wa kukukamulia ukiugua, vyote vilikuja kwa njia hiyo. Kaka, ambaye sasa ana ng'ombe wake watatu na daftari lake la hesabu, ananijibu kwamba hayo yote yangekuja hata kama deni lingelipwa mwaka mmoja baadaye, kwamba kikundi kingemwelewa mama, na kwamba muhula wake haukurudishwa na mtu. Mwaka jana nilikosa cha kumjibu.