Kiota cha sange katika msitu wa Amani

Kwa miaka mingi, kila nilipopanda kutoka Muheza kwenda Amani, niliwaita wanyama wote wa juu ya miti "tumbili" na wadogo wote wa chini "panya", wala sikuona kwamba nakosea. Nimelelewa Tanga mjini, ambako majina hayo mawili yanatosha. Mwaka huu nilianza kujifunza kuwatambua wanyama wa msituni mmoja mmoja, kwa msaada wa mzee wa Kisambaa ambaye ameijua milima hii tangu utotoni.

Siku ya kwanza, tukipanda kutoka Zigi, alikatiza njia mnyama mwenye mabega ya rangi ya kutu na kiuno cheusi, nami nikaandika daftarini "panya buku". Mzee alisoma, akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Mtazame pua." Pua ilikuwa ndefu na nyembamba, ikipinda huku na huku ndani ya majani makavu kama kidole kinachotafuta shilingi iliyoanguka. Huyo alikuwa sange, ambaye wataalamu humwita Rhynchocyon petersi, na ingawa umbo lake linatudanganya tumdhanie panya, kwa nasaba yuko karibu zaidi na tembo, pimbi na nguva. Hutembea mchana, akifukua mchwa, mende na wadudu wengine.

Nilitaka tumfuate. Mzee badala yake alipiga magoti kando ya mti na kunionyesha rundo la majani lililotaka kulingana na ardhi, ambalo ningelikanyaga bila kujua. Kilikuwa kiota kilichokwisha kuachwa: shimo la kina kifupi lililotandikwa majani na kufunikwa kwa majani mengine, kiasi cha kumtosha mnyama mmoja kujikunja na kulala. Kisha akaniambia niweke mkono wangu hapo jirani, na vidole vyote vikazama. Tulipofika ukingoni mwa msitu, mahali palipofyekwa vichaka, akaniambia niweke tena, na kiganja kikagusa udongo moja kwa moja. Hakunieleza zaidi, na hakukuwa na haja, kwa kuwa mnyama anayelala chini ya majani na kula kilichomo ndani ya majani hawezi kukaa mahali ambapo majani yameondolewa. Tangu siku hiyo huandika kwanza hali ya mahali, ndipo niandike jina la mnyama.

Juu ya miti nako kuna mengi. Mbega ana nywele ndefu nyeupe mabegani na mashavuni, na mkono wake hauna kidole gumba cha kuonekana, jambo linalomfaa katika kurukaruka matawini. Tumbo lake lenye vyumba humwezesha kuishi kwa majani. Kima ni wa kijivu, hupenda matunda na wadudu, na huonekana mara nyingi hata kwenye miti michanga ambako mbega hajitokezi sana.

Amani ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, lakini si kila mti uliomo ni wa asili hapo. Bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 ililetewa miti ya mbali, na Maesopsis eminii, ambao asili yake ni Afrika ya magharibi na ya kati, umeenea hadi ndani ya msitu kwa sababu hondohondo hula matunda yake na kuangusha mbegu. Nasikitika ninapouona umeziba pengo ambalo lingekuwa la msambu, mti wa asili wa hapa.

Usiku tulilala kijijini ili tumsikilize perere, ndugu wa pimbi anayeishi mitini. Kilio chake huanza kwa mikwaruzo na kupanda hadi kuwa ukelele, na mtu asiyekijua anaweza kudhani kuna mnyama mkubwa anayeteswa, ilhali mwenyewe hazidi ukubwa wa sungura mnene. Baada ya perere kunyamaza wakaanza komba. Komba wadogo wa misitu hii wanafanana mno kwa sura, hata wataalamu huwatofautisha kwa milio yao. Mzee aliinua kidole kimoja, kisha viwili, kwa kila aina aliyoitambua gizani. Mimi bado nilikuwa nasikia mlio mmoja tu.