Siku moja na boti yangu ya wazamiaji, Matemwe

Watu wakiniona nimeshika usukani, wageni wamekaa juani na miwani yao, wanajua nimetoboa. Shangazi yangu wa Mjini huniuliza kabisa, "Mwanangu, na leo ulikwenda kutembea baharini?" Nina boti ya faiba, yangu mwenyewe, mashine ya nguvu za farasi 40. Nawapeleka watu kuzamia Mnemba, kisiwa kidogo mbele ya Matemwe, na wazamiaji wakikosekana nawachukua wanaoogelea juu juu tu. Naandika siku ya jana kama ilivyokwenda.

Saa 11 alfajiri. Naamka, naswali, natazama bahari. Jana ilikuwa bamvua, na siku za bamvua kimo cha maji kwetu Unguja hupishana hata mita 4 baina ya kujaa na kupwa. Kujaa ilikuwa saa 10 alfajiri, kupwa saa 4 asubuhi. Asiyeijua Matemwe nimwambie hivi: maji yakitoka, kutoka ufukweni mpaka kwenye mwamba ni mchanga, mwani na madimbwi. Boti iliyochelewa inakaa pale pale. Kwa hiyo saa ya kuondoka haipangwi na mimi wala na mgeni.

Saa 12 nachanganya petroli na oili, lita 50 kwa lita 1, naangalia plagi, nafua maji yaliyoingia usiku, nahesabu majaketi ya kuokolea. Dogo anayenisaidia anapakia mitungi ya hewa iliyojazwa kwa kompresa.

Saa 1:30 ndiyo ilikuwa saa ya kuondoka. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri: mzamo wa kwanza mapema, wa pili saa 4, maji yakiwa yamesimama kabla ya kugeuka. Wageni wanne walikuwa wameshavaa. Wa tano hayupo.

Saa 1:45, hayupo. Napiga simu, anasema yuko njiani. Saa 2, yuko njiani. Dogo ananiambia, "Nahodha, maji yanakimbia." Nikamwambia aisogeze boti nje. Ikasogezwa mara ya kwanza, ikasogezwa tena, mpaka ikabidi vifaa vilivyobaki tuvipeleke begani. Mtungi mmoja wa alumini uliojaa unapita kilo 15, na chini ni mawe na fumu wenye miiba. Wale waliowahi ndio waliotembea umbali wote huo, na hawakulalamika.

Saa 2:15 akatokea, kutoka Nairobi, mchangamfu, kahawa mkononi. Mwalimu wa kuzamia akamuuliza maswali ya kawaida: mara ya mwisho ulizama lini, unaumwa masikio, ndege yako ni lini?

"Leo usiku, saa tatu."

Mwalimu akafunga daftari. "Basi leo huzami, kaka. Utaogelea juu."

Hapo ndipo asubuhi yangu ilipokwisha. Akanigeukia mimi. "Kapteni, nimelipa. Boti si ni yako? Mwambie huyu dada aniachilie nizamie hata moja."

Boti ni yangu, ndiyo. Damu ni yake. Nilimweleza huku maji yakinipita magotini yakielekea nje. Mtungi ule hauna oksijeni tupu kama wengi wanavyodhani. Ni hewa hii hii tunayovuta, imeshindiliwa mpaka shinikizo la baa 200, na karibu asilimia 78 yake ni nitrojeni. Ukiwa mita 10 tu chini, shinikizo ni mara mbili ya hapa juu, na hiyo nitrojeni inaingia mwilini. Ukipanda taratibu na kupumzika, inatoka yenyewe. Ukipanda ndege mapema, shinikizo la kule juu ni dogo, inatoka kwa viputo ndani ya damu na kwenye maungo, na hapo mtu anaweza kupooza au kufa. Kabla ya kupanda ndege tunasubiri muda wa saa 12 baada ya mzamo mmoja, 18 baada ya zaidi ya mmoja. Akizama moja ya saa 3 asubuhi, tangu atoke majini mpaka saa 3 usiku hizo 12 hazitimii.

Akasema rafiki yake alifanya hivyo na hakuna kilichompata. Akasema ataandika vibaya juu yangu. Akataka pesa zake zote. Nikamwambia nitamrudishia ya kuzamia, nauli ya boti ibaki, maana kiti amekizuia. Tukabishana mpaka mgeni mmoja mtu mzima akasema kwa upole, "Jamani, maji." Tukaondoka saa 2:35, boti ikikwaruza mchanga. Tungekawia kidogo tu, siku yote ingekufa pale.

Mzamo wa kwanza ulikwenda vizuri. Walimwona kasa.

Kwenye wa pili ndipo nilipoulipia ule ucheleweshaji. Mpaka wamalize mapumziko ya saa moja, ilikuwa saa 5 imepita, maji yameshaanza kuingia na mkondo umepata nguvu. Tulikuwa sehemu ya Mnemba iitwayo Kichwani, kwenye mteremko wa matumbawe. Mwalimu akashuka na wanne wake. Kutoka hapo kazi yangu ni moja: mapovu. Mzamiaji aliyetulia mapovu yake huja kwa vishada, kishada, kimya, kishada. Mwenye hofu, yake hufuatana bila kupumzika. Nawafuata kwa mbali, mashine inanguruma bila gia, jua linapiga kwenye maji mpaka macho yanatoka machozi. Kalala yule wa Nairobi, kajifunika taulo. Mimi siwezi hata kuinama kunywa maji.

Upepo ukachafua uso wa bahari, mapovu nikayapoteza. Wakati huo huo boti moja ya waogeleaji inakuja mbio kufukuza pomboo, moja kwa moja kwa upande niliowaona mara ya mwisho. Bendera ya wazamiaji, ile ya bluu na nyeupe, ilikuwa juu. Nikapuliza filimbi, dogo akavua fulana akaipunga, mwisho nikaikingamisha boti yangu mbele yao. Nahodha wao akanitukana. Sikumjibu, nilikuwa natafuta mapovu kwa macho. Propela haijui kichwa cha mtu.

Sijui ilichukua muda gani. Likachomoza boya refu la rangi ya chungwa, mbali kuliko nilivyotarajia. Maana yake wako mita 5 chini, wanakaa dakika 3 kabla ya kupanda. Nikahesabu vichwa mara mbili vilipotoka.

Baada ya hapo saa zilipotea. Kurudi, kushusha, kusuuza kila kifaa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kuizungusha mashine kwa maji baridi pia ili chumvi isiile. Plagi moja ilikuwa imechoka. Nikamrudishia mgeni pesa yake, nikamlipa mwalimu, dogo na petroli. Kilichobaki nimekiweka kwa ajili ya ufa mdogo wa ubavuni, unataka faiba mpya kabla ya msimu wa upepo wa kusi. Magharibi nikaingia tena majini kuongeza kamba ya nanga.

Ukija Matemwe kuzamia, nitumie ujumbe mapema: ulizama lini mara ya mwisho, una maradhi gani, na ndege yako inaondoka saa ngapi. Na nikikwambia saa moja na nusu, uwe umeshavaa.