Hedifoni za bei ya kati: anza na waya, besi baadaye

Besi nzito hupendeza dukani kwa dakika tano, nyumbani inameza sauti ya mwimbaji. Jaribu kwa wimbo unaoujua neno kwa neno.

Kisha soma omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme wa hedifoni. Kwa simu, 32 hadi 80 zinafaa. Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 250 ni nzuri mno, lakini kwenye simu inalia kwa unyonge, maana simu haitoi volti za kutosha.

Chaguo langu ni Audio-Technica ATH-M40x: omu 35, na waya unachomoka. Hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani! Waya hukatikia ndani, karibu kabisa na pini, pale unapokunjwa kila siku. Ukiutikisa, sikio moja linakatakata. Unaochomoka unabadilishwa tu. Sony MDR-7506 (omu 63) ina sauti safi, ila waya wake haung'oki, ukikatika ni kazi ya fundi.

Sponji za masikioni nazo: ngozi bandia huchunika kwa jasho, na ikishabonyea besi inavuja pembeni. Kabla ya kulipa, hakikisha sponji za akiba zinapatikana.